Mabilioni ya "kulifunika jua" yako wapi?

Mhariri,

Makala yenu kuhusu wanasayansi wanaotaka "kulifunika jua", yaani kupunguza mwanga wake unaotufikia ili dunia ipoe, hasa kwa kunyunyizia angani chembe za kuuakisi, ilisema nchi tajiri zinamwaga mabilioni ya dola katika utafiti huo. Mimi ni mkaguzi wa hesabu mstaafu, na nikisikia mabilioni bila jedwali naomba vocha. Nimejaribu kuzitafuta kwenye taarifa zilizotangazwa hadharani. Mabilioni sikuyaona.

Nianze na serikali. Bunge la Marekani lilitenga dola milioni 4 mwishoni mwa 2019 kwa ajili ya idara yao ya bahari na anga, NOAA. Mwaka 2021 Akademia za Taifa za Sayansi za nchi hiyo zilipendekeza dola milioni 100 hadi 200 zitumike kwa miaka mitano. Hilo lilikuwa pendekezo tu, lakini bado kuna wanaolinukuu kana kwamba hundi ilishaandikwa. Kwa fedha za umma, fungu kubwa ninalolijua ni la Uingereza: mwaka 2025 wakala wao wa utafiti, ARIA, ulitangaza miradi ya kupoza dunia yenye bajeti ya pauni milioni 56.8. Ukizigawa kwa miaka mitano unapata pauni milioni 11 na ushee kwa mwaka. Tena humo ndani mna majaribio ya kuongeza unene wa barafu ya Aktiki na kazi ya maadili na utawala, si kunyunyizia chembe angani peke yake. Upande wa wahisani, Simons Foundation ya Marekani iliahidi dola milioni 50, nazo kwa miaka mitano.

Hapo ndipo waandishi wengi wanapoteleza. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi hapa Dar anajua umbali uliopo kati ya ahadi iliyoandikwa kwenye kadi na fedha iliyomfikia mweka hazina. Ahadi ya miaka mitano ikiandikwa kama matumizi ya mwaka huu, hesabu imekuzwa mara tano. Kisha kuna kuhesabu mara mbili: mhisani anatoa kwa mfuko, mfuko unatoa kwa chuo kikuu, na mwandishi anajumlisha vyote viwili. Na mipaka je? Australia wanajaribu kung'arisha mawingu kwa maji ya bahari ili kuyapoza matumbawe ya Great Barrier Reef. Ukiiingiza kazi hiyo jumla inapanda; ukiiita uhifadhi wa matumbawe inashuka. Kompyuta kubwa zinazoendesha modeli za tabianchi zilinunuliwa kwa fedha za kazi nyingine kabisa, kwa hiyo gharama zake hazionekani popote.

Kwa makisio yangu, jumla ya dunia nzima ni makumi ya milioni za dola kwa mwaka. Mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2022 kwa ajili ya bonde la Msimbazi ni dola milioni 200. Yaani bonde moja la jiji hili limepewa kiasi kile kile ambacho Wamarekani walishauriwa kukitumia, kwa kiwango cha juu kabisa, kwa miaka mitano.

Sisemi fedha hizo ni kidogo kiasi cha kutotuhusu. Mlipuko wa volkano ya Pinatubo kule Ufilipino mwaka 1991 ulipoza dunia kwa karibu nusu nyuzi joto kwa mwaka mmoja hivi, na hoja nzima ya utafiti huu ni kwamba kuiga volkano ni rahisi kwa bei. Chembe zikimwagwa upande mmoja tu wa dunia, modeli zinaonyesha ukanda wa mvua unasogea. Ukanda huo ndio unaotuletea vuli na masika. Mwananchi wa Jangwani, huko huko bonde la Msimbazi, ana haki ya kuuliza nani analipa.

Kinachonikosesha usingizi ni fedha ambazo mkaguzi wa umma hawezi kuzigusa. Mwishoni mwa 2025 kampuni binafsi ya Stardust, inayotengeneza chembe za kuakisi jua, ilikusanya dola milioni 60 kutoka kwa wawekezaji, kiasi kinachokaribia bajeti yote ile ya ARIA, na wakati huo haikuwa imeweka hadharani chembe zake ni za kitu gani. Linganisha na fungu lililotangazwa mwaka 2023 na taasisi ya Degrees kwa watafiti 81 wa nchi 15 zinazoendelea: dola 900,000 na kidogo. Ni kama dola 11,000 kwa kila mtafiti.

Mwaka huo huo wa 2023 mawaziri wa mazingira wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, walitaka pawepo makubaliano ya kimataifa ya kutotumia teknolojia hii. Mapema 2024, kwenye mkutano wa mazingira wa Umoja wa Mataifa jijini Nairobi, pendekezo la Uswisi kuhusu teknolojia hiyo liliondolewa mezani. Ningependa gazeti lako limuulize aliyetuwakilisha huko msimamo wetu juu ya utafiti ni upi, maana kukataa matumizi na kukataa kuchunguza athari zake kwa masika yetu ni mambo mawili tofauti.

Na mkichapisha tena tarakimu, tafadhali iambatane na jina la mlipaji, idadi ya miaka, na kama fedha imeshatoka au bado ni ahadi. Mkihitaji mtu wa kulikagua jedwali kabla halijaenda mitamboni, nipo, na sitadai posho.

Mkaguzi mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam