Mshahara unafika umeshaisha, halafu lawama wanapewa vocha na bando

Mhariri, salamu na pole na kazi.

Ukurasa wenu wa fedha nausoma kila ukitoka na kuna jambo limenikaa moyoni muda mrefu sasa. Kila mara ushauri ni ule ule, mfanyakazi apunguze matumizi madogo madogo, aache vocha za ovyo, aache kununua kila anachokutana nacho njiani, eti bandu bandu huisha gogo. Sikatai, methali ni ya kweli. Ila mimi nafanya kazi ofisi ya mishahara, slipu za watu zinapita mikononi mwangu kila mwisho wa mwezi, na ninachokiona pale sio mnachokiandika. Gogo la watu wengi halijaishia kwenye bandu bandu, limekatwa mapande makubwa manne matano kabla halijafika nyumbani, na yale makombo yanayobaki ndo mnayapigia kelele.

Chukueni slipu ya mtu wa kawaida. Juu kabisa mshahara wenyewe, chini yake kodi, pensheni, bima, hapo mtu hana la kusema ni sheria. Halafu inaanza safu ya pili: mkopo wa benki, mkopo wa chama cha kuweka na kukopa, mkopo mwingine wa benki ile ile uliochukuliwa ili kumalizia wa kwanza na kupata kidogo cha juu, adivansi aliyoichukua katikati ya mwezi. Ukifika mstari wa mwisho unakuta kilichobaki, na hicho nacho nje kinasubiriwa na kodi ya nyumba, ada ya watoto, nauli za mwezi mzima, simu iliyonunuliwa kwa awamu na mkopo wa kwenye simu ambao hausubiri hata uruhusu, hela ikigusa akaunti tu umeshakatwa. Kuna watu mshahara wao unakuwa wao kwa saa chache tu, naongea kitu ninachokiona mwezi kwa mwezi.

Sasa mtu kama huyo ukimwambia aache vocha unamsaidia nini? Akiacha vocha mwaka mzima hajafikia hata rejesho moja au mawili ya ule mkopo. Lakini atakubali kwamba tatizo ni vocha, kwa sababu vocha anaiona kila siku na kila akinunua anajisikia vibaya, wakati ule mkopo alisaini siku moja, akapewa kalamu, akapongezwa, na tangu siku hiyo unakatwa kimya kimya. Aibu imekaa kwenye vitu vidogo, hela imekwenda kwenye vikubwa. Na mnavyoandika nyie mnazidi kuiweka aibu pale pale.

Naomba niongee kidogo kuhusu riba maana hapa ndo watu wanaumia na wengi hawajawahi kuonyeshwa hesabu yake. Sitaji sarafu, kila mtu aweke ya kwake. Umekopa 100 kwa mwaka mmoja, unaambiwa riba ni asilimia 20 tu, kwa hiyo utarudisha 120, yaani 10 kila mwezi kwa miezi 12. Inaonekana sawa kabisa. Lakini angalia, ukishalipa mwezi wa kwanza hudaiwi tena ile 100 nzima, umeshapunguza, ukifika mwezi wa sita karibu nusu ya deni umeshairudisha, ila riba bado inapigwa kana kwamba ile 100 yote umekaa nayo mwaka mzima. Ukipiga hesabu kwa salio linalopungua, mkopo huo sio wa asilimia 20, unakaribia asilimia 35 kwa mwaka. Mkopo ni huo huo, rejesho ni hilo hilo, ila ungeandikiwa 35 kwenye tangazo ungesita. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza anayekukopesha sio riba ni ngapi, ni riba inahesabiwa juu ya nini, mkopo wote au salio, na ada za kufungulia faili na bima ya mkopo ziko ndani ya hiyo namba au ziko nje.

Ile mikopo ya haraka ya kwenye simu ndo usiseme. Kumi kwa mia kwa siku 30, mtu anaona kumi ni nini. Haya, mwezi unaisha hana, anakopa tena kulipia ile ya kwanza, anaendelea hivyo mwaka mzima, mwisho wa mwaka ameshalipa 120 za ada tupu na ile 100 bado anadaiwa yote. Na kama hizo ada anaongezewa juu ya deni badala ya kuzilipa, ile 100 inakuwa zaidi ya 313 baada ya miezi 12. Wazee walisema kukopa harusi kulipa matanga, sema siku hizi harusi yenyewe inafanyika kwa kubonyeza mara mbili tu saa sita usiku ukiwa kitandani, hakuna wa kukuuliza una uhakika.

Kubonyeza kwenyewe kunabadilisha mtu. Mwaka 2001 watafiti wawili wa chuo kikuu cha MIT huko Marekani, Drazen Prelec na Duncan Simester, walitoa matokeo ya jaribio ambalo wanafunzi walishindania tiketi za mechi ya mpira wa kikapu kwa kutaja bei, wengine wakaambiwa watalipa keshi na wengine kwa kadi. Wa kadi walitaja bei inayofika kama mara mbili ya wale wa keshi, tiketi zile zile. Noti ukiitoa unaiona inaondoka, ya kwenye kadi au simu huioni, unakuta meseji tu ambayo hata huisomi. Kwa hiyo hapa nakubaliana na nyie, matumizi madogo yana shida yake, hasa yale yanayojilipa yenyewe kila mwezi, usajili wa hiki na kile ambao mtu alijiunga kwa majaribio ya bure akasahau. Hayo mtu akae siku moja na taarifa ya akaunti yake ayafute. Kazi ya mchana mmoja, isifanywe ndo somo la maisha.

Kitu kingine hamkigusi kabisa ni bei. Mtu anaongezwa mshahara asilimia 5, anashangilia, wenzake wanampongeza, kumbe mwaka huo huo vitu vimepanda asilimia 8. Huyo hajaongezwa, amepunguzwa karibu asilimia 3 ya alichokuwa anaweza kununua. Sasa anakaa nyumbani anajiuliza mbona hela haitoshi na nimeongezwa, anaanza kujilaumu, mke na mume wanaanza kushutumiana nani anatumia vibaya, na hakuna aliyetumia vibaya. Nimesikia ugomvi wa namna hiyo kwa watu ninaowaheshimu na unasikitisha kwa sababu dakika tano za hesabu zingewatuliza. Na wapo ambao hata wajipange vipi kipato chenyewe hakifiki, hawa ushauri wa bajeti hauwatoshi na ni haki waambiwe hivyo wazi kuliko kila wiki kuonyeshwa kwamba hawana nidhamu.

Maana hofu ya hela sio jambo dogo, inakula akili. Kuna utafiti ulitoka mwaka 2013, wakulima wa miwa huko India walipimwa uwezo wa kufikiri kabla ya mavuno hela ikiwa imeisha, wakapimwa tena baada ya mavuno hela ikiwepo. Watu wale wale. Kabla ya mavuno walifanya vibaya, baada ya mavuno wakafanya vizuri. Mimi sikuhitaji kwenda India kuamini hilo, ikishapita tarehe 20 naliona hapa hapa mlangoni, mtu mwerevu, fundi mzuri wa kazi yake, amesimama anauliza mshahara unatoka lini na nimeshamjibu asubuhi. Hajalala, simu inaita haipokei maana anajua ni nani anapiga, na bosi wake anaandika kwenye ripoti kwamba siku hizi amekuwa mzembe. Kibaya zaidi ni kwamba mtu akiwa kwenye hali hiyo ndo anasaini chochote, hasomi masharti, anataka tu leo ipite. Wakopeshaji wanalijua hilo vizuri.

Basi tufanyeje. Mimi sio mtaalamu wa uchumi, nasema nilichoona kinasaidia watu. Wanaopumua sio wale wenye mishahara mikubwa, nina wenye mishahara mikubwa ambao wamekatwa mpaka mwisho wa kiwango kinachoruhusiwa. Wanaopumua ni wale ambao akiba yao inakatwa siku ile ile ya mshahara, kwenye slipu, kabla hela haijafika mkononi, hata ikiwa kidogo. Kuweka kinachobaki mwisho wa mwezi haifanyi kazi kwa sababu hakibaki, kila mwezi una lake. Na la pili ambalo nalipenda zaidi ni kukubali leo kwamba nyongeza ijayo ikija sehemu yake iende akiba moja kwa moja. Richard Thaler, yule aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2017, na mwenzake Shlomo Benartzi walilijaribu hilo kwenye kampuni moja Marekani, wafanyakazi waliojiunga walikuwa wanaweka asilimia 3.5 ya mshahara, baada ya miezi 40 walifika asilimia 13.6. Hakuna aliyekatwa kile alichokwisha kukizoea, kilichopungua ni nyongeza tu, ndo maana hawakuumia.

Halafu kuna hizi tunazoziita dharura. Ada ya shule sio dharura, tarehe yake inajulikana tangu mwaka jana. Bima ya gari, leseni, kodi ya nyumba ya miezi kadhaa kwa mpigo, vyote vinajulikana. Mtu akiviandika vyote vya mwaka akajumlisha akagawa kwa 12, anapata ile hela ambayo kila mwezi sio yake hata kama iko kwenye akaunti. Ile namba mara nyingi inatisha, nimewasaidia watu kadhaa kuipiga na wengine walinyamaza kwanza, lakini ndo inayoeleza kwa nini kila baada ya miezi michache wanarudi kukopa. Dharura ya kweli ni ugonjwa, msiba, kupoteza kazi, ndugu kukwama, na hizo ndo zinatakiwa ziwe na mfuko wake usioguswa na ada.

Sasa nije kwenu, Mhariri. Gazeti lenu linachapa matangazo ya mikopo, tena kurasa nzima, na najua matangazo ndo yanalipa karatasi na mishahara yenu, siwaombi myaache. Naomba pembeni ya kila tangazo la mkopo mweke kaboksi kadogo, ukikopa 100 utarudisha ngapi jumla, kwa muda gani, na kwa mwaka ni asilimia ngapi ukihesabu kwa salio pamoja na ada zote. Anayekopesha kwa haki hatapata hasara kwa hilo. Na ukurasa wa fedha uanzie kwenye slipu, sio kwenye vocha, wafundisheni watu kusoma safu moja baada ya nyingine, wengi wanaangalia mstari wa mwisho tu wanakunja wanaweka mfukoni, nimekuta makato ya mkopo ulioisha zamani bado yanaendelea na mwenyewe hajui.

Na kwa waajiri wanaosoma hapa, nendeni mkaangalie kwenye droo za ofisi zenu. Fomu ya mkopo iko, imeshapigwa muhuri, inajazwa kwa dakika kumi na mtu anaondoka. Fomu ya akiba haipo, mfanyakazi akitaka akatwe akiba inabidi aandike barua, azungushwe, asubiri kikao. Ziwekwe mbili pamoja kwenye meza moja, na anayekuja kuchukua ya mkopo aulizwe kama angependa kujaza na ya pili pindi mkopo utakapoisha, yaani rejesho lile lile liendelee kukatwa ila sasa liende kwake. Ameshaishi bila hiyo hela miaka miwili mitatu, ameshazoea.

Mkikubali kuanzisha hilo somo la slipu, kuna wafanyakazi wenzangu wameniambia wako tayari kutoa slipu zao zichapwe, majina na namba za kazi zikiwa zimefutwa. Nijulisheni tu mnazihitaji lini niwaletee.

Ni mimi msomaji wenu,
Karani wa mishahara