Yah: Mbegu za "nyanya za asili" mlizoniuzia

Meneja Mauzo,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwezi wa pili nilinunua dukani kwenu pakiti tatu za mbegu: Brandywine, Cherokee Purple na Green Zebra. Kila moja imeandikwa "asili, zaidi ya miaka 100".

Naanza na Brandywine, ndiyo iliyonitia hasara. Jani lake hufanana na la kiazi mviringo, halina meno pembeni, hivyo kitaluni tu unaijua. Tunda ni la pinki na huweza kupita nusu kilo. Brandywine inayosifiwa zaidi, Sudduth, ilitunzwa na familia moja ya Tennessee, Marekani, miaka mingi kabla ya kumfikia mtunza mbegu Ben Quisenberry wa Ohio. Miche yangu 120 yote ilitoka na majani yenye meno. Kijana wenu wa mauzo akaniambia kwenye simu nivumilie, majani yatabadilika. Yabadilike yaende wapi? Nimevuna nyanya nyekundu za umbo la yai. Pale soko la Kilombero akina mama waliziita Cal J, aina ya nyanya nyekundu, bila kuuliza. Hoteli iliyoagiza za pinki imezikataa.

Cherokee Purple imetoka sawa, zambarau iliyokolea na mabega ya kijani. Sina ugomvi nayo, ila pakiti inasema imetoka Mexico. Craig LeHoullier, mkusanyaji wa mbegu za nyanya wa Marekani, alitumiwa mbegu hizo kutoka Tennessee mwaka 1990, na aliyezituma ndiye aliyeeleza kuwa chanzo chake ni Wacherokee, wenyeji wa asili wa Marekani.

Green Zebra nayo mmeizeesha. Tom Wagner aliizalisha kwa kuchanganya nyanya nyingine, akaitoa mwaka 1983. Ukitunza mbegu zake zinarudia vilevile, hilo kweli, lakini hiyo miaka 100 mmeitoa wapi? Mimi mwenyewe nimeizidi umri.

Nilishatenga mashina kumi ya "Brandywine" nikamue mbegu za msimu ujao. Kama ni chotara, zitatoka mchanganyiko, na sitajua nimepanda nini.

Naomba mnirudishie fedha za Brandywine, mniandikie ni mbegu gani hasa mliyofunga humo na kama ni chotara, na mziondoe dukani pakiti za namba hiyo hiyo. Nimeambatisha risiti, pakiti tupu na picha za majani. Nasubiri siku 14, kisha nakala ya barua hii itakwenda TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu.

Mteja wenu,
Mkulima, Ngaramtoni