Baba, mlango wa babu usiung'oe kwanza

Tokyo, Machi 2025

Baba, shikamoo. Mama mwambie kifua kimepona na baridi imeanza kupungua.

Leo nakuandikia habari za mbao. Jumamosi nilikwenda The Okura Tokyo. Ni hoteli, na bei ya kulala pale si ya mwanafunzi, ila ukumbi wa mapokezi nilikaa karibu saa nzima. Kuna kazi ya mbao wanaiita kumiko: vijiti vyembamba vilivyochongwa vikashikana kwa kutiana meno, bila msumari, hadi vikafanya nyota za ncha sita. Nilisogeza uso nikatafuta mwanya kwenye viungo, kama unavyotukagulia sisi. Sikuuona. Pana na shoji, fremu za mbao zilizowambwa karatasi, na mwanga unapita humo ukiwa umepoa. Taa zinaning'inia kama shanga kubwa zilizotungwa. Meza ni za duara, kila moja na viti vitano. Ukizitazama kutoka juu, ni maua ya mplamu yamechanua sakafuni.

Ukumbi huu aliubuni Yoshiro Taniguchi, ukafunguliwa 1962. Kwao, mji wa Kanazawa, walikuwa watu wa tanuri la vyombo vya kauri vya Kutani, kwa hiyo mafundi aliwajua tangu utotoni. Hata ukutani aliweka hariri ya wafumaji wa Nishijin, Kyoto. Mwaka 2015 jengo likabomolewa, na waliolililia walikuwa wengi, hata nje ya Japani. Kazi ya kuurudisha ukumbi akapewa mwanawe, Yoshio, msanifu mkubwa aliyekwisha kupanua jumba la sanaa ya kisasa la New York. Angeweza kuweka wazo lake. Akarudisha la babake, taa zilezile, maua yaleyale, ndani ya mnara mpya uliofunguliwa 2019. Mimi katika kazi zake zote naiheshimu hii zaidi. Alifariki Desemba iliyopita.

Sasa Baba, kaka kaniambia mchwa wamefika kwenye mfaa, mti wa katikati wa mlango wa babu, na mnataka kutia mlango wa chuma. Nakuomba usiung'oe kwanza. Nakuja Agosti. Tuupime pamoja, nichore nakshi zote karatasini, maua na mnyororo wa pembeni, kisha unifundishe patasi upya, maana nilipokuwa mdogo nilikukimbia. Pesa ya mvule nimeshaanza kuweka.

Mwanao