Kufa kwa kusaidiwa: tuulizwe sisi wenye ulemavu

Ndugu Mhariri,

Tangu wabunge wa Uingereza walipoupitisha, Juni 2025, kwa kura 314 dhidi ya 291, muswada wa kumsaidia kufa mgonjwa ambaye madaktari wanaona hatavuka miezi sita, kila baraza ninalokaa hapa Wete nasikia jibu moja: haramu. Kisha kahawa inaendelea. Sipingi, mimi pia ni Muislamu. Lakini natumia kiti mwendo, na mas-ala haya siwezi kuyapita hivi hivi, kwa sababu wanaozipinga sheria hizi huko si watu wa dini peke yao. Katika walio mstari wa mbele ni Tanni Grey-Thompson, mshindi wa medali 11 za dhahabu za Paralimpiki kwa mbio za kiti mwendo, ambaye sasa amo katika Baraza la Malodi, baraza la juu la Bunge la Uingereza.

Watetezi wa muswada watasema mtu mwenye ulemavu hahusiki, anayetajwa ni mgonjwa aliyekaribia kufa tu. Ni kweli, imeandikwa hivyo. Canada nayo ilianza mwaka 2016 kwa kutaka kifo kiwe tayari kinaonekana kinakuja. Mwaka 2019 mahakama ya Quebec ikalikataa sharti hilo, na Machi 2021 Bunge likaliondoa. Tangu hapo, mwenye maradhi au ulemavu usiotibika anaweza kuomba hata kama angeishi miaka thalathini mbele. Mwaka 2023 waliokufa kwa njia hii Canada walikuwa 15,343. Wengi walikuwa wagonjwa waliokaribia kufa, wa saratani khasa. Lakini 622 kifo chao hakikuwa karibu.

Christine Gauthier, aliyekuwa mwanajeshi na mwanamichezo wa Paralimpiki, aliiambia kamati ya Bunge la Canada mwaka 2022 kwamba alikuwa akihangaika kwa miaka kupata kifaa cha kumpandisha ngazi nyumbani kwake, na ofisa mmoja akamjibu kuwa anaweza kusaidiwa kufa. Kifaa cha kupandia ngazi! Machi 2025 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu iliitaka Canada iifute sehemu ya sheria inayowahusu wasiokaribia kufa. Mkataba huo Tanzania iliuridhia mwaka 2009.

Kuna jambo jengine linaloniuma zaidi. Jimbo la Oregon, Marekani, linaitumia sheria yake tangu 1997, na ripoti zake za kila mwaka zinaonyesha kwamba sababu inayotajwa zaidi na waombaji si maumivu, ni kushindwa kujitegemea. Hata hofu ya kuwaelemea watu wa nyumbani hutajwa kuliko maumivu. Yaani kuvishwa nguo, kuoshwa, kupelekwa chooni. Mhariri, hayo ndiyo mambo yangu ya kila asubuhi, na nikishamaliza nakunywa chai na kwenda zangu kazini.

Huku kwetu sheria hiyo haipo, lakini maneno yake yapo. Nani hajayasikia matangani? "Kheri kapumzika, na mamake naye kapumzika." Anasemwa kijana aliyezaliwa na mtindio wa ubongo, au mzee aliyelazwa na kiharusi. Akifa mwenye miguu yake watu hulia. Akifa mwenzetu watu hushusha pumzi. Wasemaji hawana ubaya, na wengine ndio waliokuwa wakimwogesha. Ila aliyebaki kitandani nyumba ya pili naye anasikia. Mimi niliwahi kubebwa mgongoni na hamali kupanda boti, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kiti mwendo, na abiria mmoja akamwambia mwenzake kwamba yeye hali ile asingeiweza, bora afe. Alisema kwa huruma kabisa. Huenda na yule ofisa wa Canada alisema kwa huruma.

Basi wajumbe wetu wa Baraza la Wawakilishi wakiulizwa kuhusu sheria hizi watajibu haramu, na watapigiwa makofi. Ningependa waulizwe na swali la pili: aliyelala kitandani Micheweni au Makunduchi, nani anamgeuza usiku, na huyo anayemgeuza anakula nini? Pensheni Jamii ya Zanzibar iliyoanza 2016 ni jambo jema, lakini ni ya waliofika miaka 70. Mama mwenye miaka arobaini aliyeacha biashara yake ya sokoni ili amlee mwanawe mwenye ulemavu hamo hesabuni humo. Apewe posho, na dawa za kutuliza maumivu makali zipatikane hadi vituo vya afya vya shamba, si mjini tu.

Na nyinyi wa magazeti, mara nyengine mkiandika habari za miswada hii, baada ya kumhoji sheikh na daktari, mhojini na mmoja wetu. Tunapatikana.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba