Roadster: tunaenda kuiona Jumamosi

Wadau habari za jioni, poleni na kazi. Ile Ford roadster (gari la wazi la viti viwili) ya 1932 tunayotaka kununua bado ipo, nimeongea na mzee muuzaji leo kasema tuje Jumamosi saa 4 asubuhi gerejini kwake Pomona, California, sio Jumapili tena, maana Jumapili anaipeleka kwenye soko la magari pale uwanja wa maonyesho wa Fairplex na ikifika kule wenye hela hawatuachii kitu 😅

1. Tukutane saa 3 kamili paking ya kanisa, magari mawili tu yanatosha.

2. Fundi wetu njoo na sumaku, bodi nyingi za 32 siku hizi ni faiba, sumaku haishiki, na mzee anadai yake ni chuma cha kiwandani, bei hapo ni mbingu na ardhi. Cheki na namba ya chasisi kama inafanana na kadi, gari la kuunda hilo, bila karatasi safi DMV (ofisi ya usajili wa magari) watatuzungusha.

3. Injini ni V8 ya flathedi (ile ya kizamani, valvu zipo kwenye bloku), jamani msianze mambo ya kuibadilisha, raha yenyewe ndo hiyo.

4. Kianzio dola 100 kila mtu kwa mhazini, mwisho Ijumaa saa 2 usiku.

Anayekuja aandike NAKUJA, asiyekuja aseme leo leo. Kimya sio jibu 🙏