Mume wangu hataki mtoto wetu aitwe Siti

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 29, nakaa Mbagala, Dar es Salaam. Nimejifungua mtoto wa kike, wa kwanza, leo ana siku 23 na hana jina. Siku ya saba ilipita bila akika kwa sababu mimi na baba yake hatujapatana, na sasa watu wa nyumbani wanahesabu arubaini.

Nataka aitwe Siti. Ni jina la bibi yangu mzaa mama, aliyenilea Unguja tangu nina miaka minne kwa vitumbua alivyovichoma kila alfajiri. Kosa langu nalikiri mapema: nilipoambiwa mtoto ni wa kike, usiku uleule nilimpigia bibi kumwambia somo wake yuko njiani. Mume wangu sikuwa nimemwuliza. Tangu hapo bibi akipiga simu hata salamu yangu haisubiri, anaanza na "Somo wangu hajambo?"

Mume wangu hana ubaya na bibi. Anachoogopa ni shule. "Hapa ni Dar," ananiambia, "siti ni ya daladala. Kila siku wataniulizia mwanangu kama ni siti ya dirishani au ya nyuma." Yeye mwenyewe alipewa jina la wale kina Tabu na Mashaka, na alivyotaniwa nalo shuleni hajasahau. Alikuwa akichelewa makusudi ili asilisikie likiitwa mahudhurio asubuhi. Kwa hiyo siwezi kumwambia anakuza mambo. Anataka Inaya, na ni jina zuri.

Lakini mimi nikisikia Siti sisikii kiti. Ni neno la Kiarabu, sitti, "bibi wangu", la kumwita mwanamke wa heshima. Huko Cairo alikuwepo Sitt al-Mulk, dada wa khalifa al-Hakim; kaka yake alipotoweka mwaka 1021, mambo ya dola yalishikwa na mwanamke huyo. Malaysia na Indonesia wanawake wa jina hili wamejaa mpaka leo, na wengi huliunganisha na lingine: Siti Aminah, Siti Khadijah, Siti Hajar. Mwimbaji wao mkubwa, Siti Nurhaliza, analibeba kwenye majukwaa na sijui nani angethubutu kumcheka.

Na kwetu yupo Siti binti Saad. Habari zake nilizipata kwa bibi, jikoni, kabla sijajua kusoma. Alizaliwa Fumba karibu mwaka 1880, katika utumwa, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Fikiria, Shangazi, mzazi anamwita mwanawe hivyo, na jirani naye, kila siku ya Mungu. Alikua akifinyanga vyungu na kwenda kuviuza mjini, huku akiimba njiani. Mwaka 1911 akahamia mjini, akafundishwa kuimba kwa ala, na huko ndiko alikokuja kujulikana kama Siti. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi nyimbo za Kiswahili, na santuri zake zikasambaa pwani nzima. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Bibi alizaliwa santuri hizo zikipigwa, ndipo mama yake akampa jina hilo. Akifika mwisho wa hadithi bibi husema, "Mtumwa alikwenda mjini, akabaki Siti." Sijaweza kulisimulia hilo kwa mume wangu bila kulia, na nikilia yeye hunyamaza, mazungumzo yanaishia hapo.

Ametoa njia ya kati: kwenye cheti aandikwe Inaya, nyumbani tumwite Siti. Mama yangu anasema nikubali, jina la mtoto wa kwanza ni haki ya upande wa baba. Mama mkwe anasema hana neno. Mimi ndiye ninayesita. Jina la nyumbani litaitwa na mimi, na bibi, na mama. Sisi tukiondoka hakuna atakayeliita. Na kwenye cheti hakuna mahali pa kulichomeka, kwa sababu jina la pili ni la baba yake na la tatu ni la babu yake.

Nimewaza pia Siti Amina, yote mawili kama jina moja, ili shuleni akitaka ajiite Amina. Mume wangu hakukataa moja kwa moja. Alisema tu, "Watoto watachukua lile la kuchekesha." Huenda ni kweli. Yeye ameyapitia, mimi sikuyapitia.

Nishauri, Shangazi. Je, ninamtwisha mwanangu mzigo kwa sababu ya mapenzi yangu kwa bibi? Nikishika Siti Amina nitakuwa nimemsikiliza mume wangu, au nimemzunguka? Na nikikubali Inaya, bibi nimwambie mimi au aongee naye mume wangu?

Ijumaa ijayo bibi anavuka na boti kuja kumwona somo wake. Kanga ya kumbebea ameshanunua.

Mama wa mtoto wa kike, Mbagala