Asante kijana wa Mkunguni

Jamani mwenye kumjua amfikishie, ni kijana wa kujitolea kwenye tamasha la utamaduni la Lamu, tisheti ya kijani, watu walipokimbilia pwani kuona mbio za punda mi nikampoteza mamangu pale uwanja wa Mkunguni, mzee haoni vizuri, kijana huyo akamkuta kwa baraza mbele ya ngome analia, kandambili imekatika, akamvisha zake akatembea peku juani amemshika mkono mpaka tukaonana. Hela kakataa kabisa! Mama ni Mpokomo wa Garsen, kijana anaongea Kibajuni, na walikuwa wanacheka kama bibi na mjukuu. Miaka migumu mmeipitia Lamu na bado mnatupokea hivi. Mwanangu, Mungu akuzidishie, kandambili zako mama kaziosha anakuwekea.